Nilivyomkana Mume Wangu Kivukoni

Nakumbuka, mwanangu, safari moja niliyomkana mume wangu mara mbili ndani ya siku mbili, tena bila kulazimishwa na mtu, na hakuna jogoo aliyewika kunishtua. Leo nikiisimulia nacheka hadi nafuta machozi. Siku zile moyo ulikuwa unanigonga kama njuga za mtahiriwa.

Wewe unayejiandaa kusafiri na mwenzako, hebu keti kidogo. Mimi sijafika umri wa mkongojo, lakini mtu aliyekuwa mama wa nyumba akiwa darasa la saba huhesabiwa mzee mapema. Wazazi wetu walitoka magharibi wakaja Eldoret kufanya kazi ya kiwanda, na walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake kabla mwaka haujaisha, niliacha kiti changu shuleni nikawalea wadogo zangu watatu pale mtaa wa Munyaka. Niliuza mandazi, kisha nikahamia viazi. Kitinda mimba wetu anaitwa Nafula. Huyo ndiye aliyetuvusha maji.

Kabla sijafika huko, lazima nikueleze kosa lilipozaliwa, maana hakuna moshi bila moto.

Ule mwaka wa vita vya uchaguzi, tulikaa uwanja wa kanisa siku kadhaa, halafu tukapata lori la kutupeleka Webuye kwa mjomba. Nafula alikuwa na miaka kumi na miwili. Tulipokuwa tunapanda, mzee mmoja aliyekuwa akipakia magunia akanishika bega. "Msikae pamoja," akasema. "Mtawanyike. Wenye vizuizi njiani wakimshusha mmoja, wengine wafike." Nikawakusanya wadogo zangu nyuma ya gurudumu nikawapa amri: kuanzia hapa mimi si dada yenu. Nikishushwa, msilie wala msiniite. Nafula akaenda kukaa juu ya gunia kando ya mama asiyemjua, akaniangalia njia nzima kama anavyoangaliwa mtu wa kupita. Kizuizini, mtoto wa watu wengine alimwita baba yake, wakashushwa wote wawili. Sisi wanne tulifika salama. Wale wawili sijui kilichowapata hadi leo.

Mwanangu, amri ile ilituokoa, na mimi sitaitukana. Shida yangu ni kwamba amani iliporudi nasi tukarudi Munyaka, niliendelea kuitii kana kwamba lori lile halikusimama.

Barasa nilimpata baadaye. Ni fundi wa mabomba, mtu wa mzaha, na alinioa nikiwa na watoto watatu mgongoni, hakuuliza ni kwa nini. Ila nilimpa sharti moja: ndani ya gari hatujuani. Kila nilipokwenda Burnt Forest kununua viazi akinisindikiza, mimi nilikaa mbele, yeye nyuma. Hata kama gari lilikuwa na viti viwili vitupu vilivyoshikana kama mapacha, mimi mbele, yeye nyuma. Akakubali, lakini akatafuta njia yake ya kulipiza. Gari likifika tu Cheptiret, anainama mbele na kuniuliza mbele ya watu, "Mama, habari yako? Unaenda wapi? Uko na mtu?" Mimi nakaza uso, naangalia mashamba ya mahindi. Abiria wanamkaripia. Yeye anafurahi wiki nzima.

Miaka ikapita hivyo. Nafula akasoma, akawa muuguzi, akapata kazi Tanzania, akaishia kwenye kisiwa cha Ukerewe, na huko mwalimu mmoja anayeitwa Magesa akamwona. Tukapigiwa simu: harusi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. "Dada," Nafula akaniambia, "wewe utanishika mkono wa kulia, shemeji mkono wa kushoto. Nyinyi ndio mama na baba yangu. Mmoja wenu akikosa, mimi mlango wa kanisa siingii."

Nilimjua mtoto niliyemlea. Aliposema haingii, haingii. Padri alikuwa na harusi nyingine saa sita, na kanisa halimsubiri mtu. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu: kufika wawili, kabla ya saa nne.

Alhamisi jioni nilishindwa hata kula kwa furaha. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka! Nilikuwa nimetengenezewa nywele hadi ngozi ya kichwa inawaka. Hati za kusafiria, yangu na ya Barasa, nilizitia mkobani mwangu, kwa sababu Barasa akipewa kitu cha karatasi hukigeuza kuwa cha kusafishia mikono.

Ijumaa alfajiri tukapanda basi. Mimi kiti cha mbele, yeye cha nyuma. Tulipopita Kisumu, nikasikia sauti ile.

"Mama, habari yako? Unaenda wapi? Uko na mtu?"

Mama mmoja mfanyabiashara, mnene wa heshima, akageuka kama askari. "Wewe mzee, hebu achana na mama wa watu! Kwani huna bibi nyumbani?"

"Niko naye," Barasa akajibu, "lakini yeye hajui kama niko naye."

"Ona huyu! Dada, songa huku karibu na mimi. Wanaume wa siku hizi!" Akahamisha vikapu vyake vyote akajaza nafasi iliyobaki, kunilinda dhidi ya mume wangu. Nikamshukuru. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, lakini ya kwangu siku hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mpakani tukateremshwa. Mimi, kwa haraka ya furaha, nikajikuta wa kwanza kwenye mstari. Hati yangu ikagongwa muhuri, nikatoka upande wa pili nikivuta hewa ya nchi nyingine. Ilikuwa hewa ile ile, lakini niliivuta kwa nguvu. Kumbe hati ya Barasa bado iko mkobani mwangu! Nikachungulia dirishani na kumwona mbele ya afisa.

"Kaka, hati yako iko wapi?"

"Iko kwa mkoba wa yule mama."

"Yule mama ni nani wako?"

Nilimwona Barasa akifikiri. Angesema ukweli tungekuwa tumemaliza. Lakini mume wangu ni mtu wa kushika neno. "Simjui," akasema.

Afisa akaweka kalamu chini taratibu. "Humjui, lakini kakubebea hati?"

"Ndiyo, afande."

"Na yeye anakufahamu?"

"Hiyo muulize yeye."

Nikaitwa. Yule afisa alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ndio uliozidi kunitetemesha. "Mama, samahani kwa usumbufu. Huyu baba unamfahamu?"

Sasa ona mdomo wa binadamu unavyozoea. Akili yangu ilisema ndiyo. Ulimi ukasema, "Nimemwona tu kwa basi."

Akaomba mkoba, akatoa ile hati, akailaza kando ya yangu. Zilitolewa siku moja, namba zinafuatana, na jina la mwisho ni moja. Akatuangalia, akashusha sauti. "Mmegombana?"

Tukawekwa kwenye benchi, ncha hii na ncha ile, tukaulizwa mmoja mmoja tulikunywa na kula nini asubuhi. Wote tukajibu chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, tukajibu pia jina la mtoto wetu na rangi ya mlango wetu. Mwishowe afisa akagonga muhuri huku akitikisa kichwa. "Haya, nendeni. Mkipatana, mkirudi mpite mnisalimie."

Basi letu lilikuwa limeshaondoka. Unafikiri nilijifunza? Nilimgeukia Barasa na kumfokea. "Si ungesema umeipoteza!"

"Mama Tito," akaniambia, "mimi nimekana mke leo. Nikiongeza na uongo kwa serikali, sitalala."

Tukaunga magari mpaka Bunda, tukafika jua likiwa bado juu. Kwenye nyumba ya wageni mimi nikaingia kwanza nikachukua chumba, yeye akaja baadaye akachukua chake. Ndiyo, mwanangu, vyumba viwili! Mwenye nyumba alinifuata mbio. "Dada yangu, ufunge mlango vizuri. Kuna Mkenya chumba cha saba, simwelewi. Keshakuulizia mara mbili."

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tukapanda basi la Ukerewe. Lilikuwa limejaa watu wanaokwenda harusini, sokoni na makwao. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa kisiwani, mwembamba, macho makali, akaipokea shikamoo yangu kwa kunimegea chungwa. Akasema machungwa ya kwao ni matamu kuliko ya bara, hilo alilonunua Bunda ni la kunitayarisha tu. Nikacheka. Ziwa likaanza kuonekana kati ya mawe makubwa, likang'aa hadi nikasahau nywele zinavyoniuma. Saa mbili kasoro tulikuwa Kisorya, kwenye kivuko.

Pale utaratibu ni kwamba abiria wote wanashuka. Basi linaingia kivukoni likiwa tupu, na watu wanaingia kwa miguu. Nikapanda na wa kwanza, nikashika chuma cha mbele kabisa nione maji yakipasuka. Sikugeuka nyuma. Katika sheria yangu, kugeuka kumtafuta mtu ni kujulisha watu kwamba una mtu.

Kondakta akapita katikati yetu. Hakuhesabu vichwa kama wa kwetu. Alipaza sauti tu, "Haya, ndugu abiria! Kila mtu amwangalie mwenzake! Kuna ambaye mwenzake hayupo?"

"Mume wangu yupo!" akasema mmoja. "Watoto wangu watano wapo!" akasema mwingine. "Mimi niko peke yangu na Mungu wangu!" akasema mwanamume mmoja, watu wakacheka.

Akanifikia. "Wewe, dada?"

Nikatazama mbele kama sikusikia. Nikajiambia Barasa atakuwa nyuma, mbona siku zote huwa nyuma? Kondakta akapita. Mlango wa chuma ukaanza kuinuka, injini ikanguruma, nchi kavu ikaanza kusogea kwenda zake.

Hapo ndipo niliposikia wachuuzi wa ukingoni wakipiga kelele. Nikageuka. Mwanangu! Barasa alikuwa ng'ambo, anakimbia kuteremka kuelekea majini, mkono mmoja umeshika samaki wa kuchoma aliyefungwa kwa gazeti, mwingine unapunga. Alikuwa amesimama kuninunulia kiamsha kinywa. Alifika ukingoni akasimama, na kati yetu kulikuwa na maji mapana kama uwanja wa mpira, yanazidi.

Naye hakuniita. Fikiria hilo. Anaachwa nchi ya watu, na bado haliiti jina langu, kwa sababu nilimkataza.

"Kivuko kingine saa ngapi?" nikamuuliza bibi.

"Saa tano."

Saa tano! Nafula mlangoni, padri anatazama saa, mkono wa kushoto mtupu. Nikapenya kati ya watu hadi chuma cha nyuma. Nikafungua kinywa.

"Barasa! Barasa! Yule ni mume wangu! Jamani, mume wangu ameachwa!"

Kivuko kizima kikanigeukia. Kondakta akashika kichwa. "Dada, si nimekuuliza?"

"Umeniuliza," nikasema, na machozi yakaanza.

Nahodha akatuma jibu kwamba kivuko kilichojaa magari hakirudi kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa na haki. Yule bibi akanivuta kwa mkono. Sikutegemea kukaripiwa na mtu niliyekula chungwa lake, lakini alinikaripia ipasavyo.

"Kutoka Bunda tumekaa mimi na wewe, hukuniambia uko na mtu. Kumbe una mume! Mwanangu, kinachofichwa ni cha wizi. Huyu mumeo umemwiba wapi?"

"Sikumwiba, bibi. Ni wangu. Naogopa."

"Unamwogopa nani humu?" Akaonyesha watu kwa kidevu: akina mama na vikapu, mwanamume na baiskeli yake, watoto watano wa yule mama. Nikawatazama mmoja mmoja. "Mficha uchi hazai," akasema, sasa kwa upole, huku akitoa simu kifuani. "Mkwe wangu ana boti ya injini pale Kisorya. Hawezi kuniambia hapana, ananiogopa kuliko mamba. Nimwambie amtafute nani?"

Watu wakasogea kunisikiliza. Mwanangu, sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo ndani ya chombo chochote cha kusafiria tangu siku ya lori.

"Anaitwa Barasa. Ni mume wangu wa ndoa. Sisi ni watu wa Eldoret, Kenya."

Nikangoja. Hata sijui nilingoja nini. Mwenye baiskeli akainua kichwa.

"Eldoret? Si ndiko kwa wale wanariadha wanaochukua medali zote?"

"Ndiko."

"Sasa mumeo mbona kachelewa? Mwambie akimbie!"

Kivuko chote kikaangua kicheko, na mimi ndani yake nikacheka huku nalia. Nilikuwa nimetaja jina, ndoa na kwetu, kwa sauti, mbele ya watu mia. Malipo yake yalikuwa mzaha na kipande kingine cha chungwa.

Basi ngoja nikwambie raha iliyofuata! Hata robo saa haikupita, mtoto mmoja akapiga kelele, "Ile kule!" Boti nyembamba inakuja inarusha maji pande zote mbili, na katikati ameketi Barasa, fundi wa mabomba asiyejua kuogelea, amevalishwa jaketi la kuokolea linalombana, samaki wake bado mkononi. Watu wakakimbilia upande mmoja hadi mabaharia wakatufokea turudi. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi akapaza sauti kwa mkwe wake, "Kaza mwendo! Unaendesha kama umebeba mayai!"

Boti ikatukaribia, ikalingana nasi. Barasa alikuwa amejaa maji usoni, hofu yote imemtoka, anacheka. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama! Habari yako? Unaenda wapi? Uko na mtu?"

Nikaegemea chuma nikajibu kwa nguvu zangu zote, "Niko na wewe! Naenda na wewe!"

Boti ilitupita ikafika mbele yetu. Kivuko kilipogota ng'ambo, mume wangu alikuwa amesimama pale, viatu vinachuruzika. Basi lilipojaa tena, yule bibi aliinuka mwenyewe kwenye kiti chake. "Kaa hapa na mkeo," akamwambia. "Mimi nitakaa na huyu wa baiskeli, ana maneno mengi." Ndiyo mara ya kwanza bega la Barasa kugusa langu ndani ya basi. Lilikuwa limelowa na lina harufu ya samaki. Sikusogea.

Tulifika kanisani saa nne na dakika chache. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameshamshika Nafula mkono, anambembeleza aingie, na Nafula ameweka miguu chini kama punda. Alipotuona tunakuja wawili, tumeshikana mikono, alitazama mikono yetu kabla ya kutazama nyuso. Nikamshika kulia, Barasa kushoto, tukaingia.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hata mimi nilidhani. Mchana, kwenye karamu, wazee walipoanza kuwapa maharusi maneno, Magesa akaomba kusema kwanza. "Dada," akaniambia kwenye maiki, anatabasamu, "nina shtaka dogo. Tukisafiri na huyu kwenda Mwanza, yeye hukaa mbele, mimi hukaa nyuma. Watu wote wanadhani tumenuniana. Nikimuuliza, anasema ni mila ya kwao. Hii mila ya Eldoret ikoje?"

Watu wakacheka sana. Mimi nilimtazama Nafula, naye alikuwa anatazama sahani yake. Mwanangu, hapo ndipo maji ya kweli yalipotokea, yale ya kivukoni yalikuwa ya kunawa tu. Nilifikiri hofu ile ni mzigo wangu peke yangu, niliobeba kwa hiari yangu. Kumbe nilikuwa nimemfunga nao mtoto wa miaka kumi na miwili, na yeye akakua nao, akavuka nao mpaka, akaolewa nao.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, imeandikwa. Nikaiacha mezani. Nikashika maiki nikasema, "Si mila, shemeji. Ni amri yangu. Nilimpa siku mbaya, ikamfaa siku hiyo, na mimi ndiye niliyesahau kuiondoa." Kisha nikamgeukia yeye. "Nafula, mdogo wangu. Tumeshafika. Sote tumefika. Shuka kwenye lori."

Aliinuka, akazunguka meza, akaniita jina ambalo nilimkataza kuliita siku ile. "Dada," akasema. "Dada, dada." Alilisema mara nyingi, na mimi niliitika kila mara.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, unapofunga mkoba wako. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sikulaumu ukishtuka. Nisingependa mtu akuambie usahau yaliyotupata, maana sisi wenyewe hatujasahau. Lakini kila amri ya siku ya hatari iwekee siku ya mwisho, na siku hiyo ikifika, iondoe kwa mdomo wako, kwa sauti, mbele ya wale uliowapa. Ukinyamaza, wadogo zako wataishika hadi uzeeni wakidhani ndiyo heshima. Na ukiwa njiani, ukiulizwa uko na nani, mtaje mwenzako jina. Keti kando yake. Hati yake mpe mwenyewe, hata kama ataichafua.

Mungu aliyetufikisha akufikishe nawe. Akupe njia iliyonyooka, maji yaliyotulia, na mwenzako ambaye hutaona haya kumwita kutoka ng'ambo. Mnakokwenda wawapokee kwa kicheko, na mkirudi mtukute wazima. Nenda salama, mwanangu. Nendeni wawili, mfike wawili.